Kiti cha Mama Mkwe

Jumamosi ile Agneta aliombwa achague kati ya miguu ya simba na miguu ya mbuzi. Fundi Amolo alikuwa ameipanga juu ya benchi, akaipangusa unga wa mbao kwa kiganja, kisha akarudi nyuma kidogo kumpa mteja nafasi ya kushangaa. Mguu wa simba ulikuwa mnene, una kucha zilizokamata tufe. Wa mbuzi ulikuwa mwembamba, umepinda gotini, na kwato yake ilipigwa msasa mpaka ikateleza. Agneta aliitazama, akaitazama na miguu yake mwenyewe iliyovimba kwa kusimama darasani wiki nzima, akasema yote ni mizuri.

"Yote haiwezi kuwa mizuri, Mama Wepukhulu," mumewe alisema. "Lazima kuna mzuri zaidi."

"Basi ya simba."

"Mimi nilikuwa naona ya mbuzi."

"Basi ya mbuzi, Baba Wepukhulu."

Nicodemus Waliaula alikunja uso, akauchukua ule mguu wa mbuzi na kuugeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha mkewe zaidi. Mume mbaya unaweza kumnunia ukapumzika. Huyu alitaka waamue pamoja. Alitaka akiulizwa na wageni aweze kusema, "Haya tulichagua mimi na mama watoto," na kwa sababu ya sentensi hiyo moja Agneta alikuwa amepoteza Jumamosi zake zote tangu mvua za masika zianze.

Mambo yenyewe yalianza pale Mzungu aliyekuwa mkuu wa bohari la mizigo gatini alipofunga virago akarudi kwao. Nicodemus akapewa kiti chake, na pamoja na kiti akapewa nyumba yake ya Milimani. Kabla ya hapo walikuwa wakiishi landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, vyumba viwili na ukumbi wa kupitana kwa ubavu. Sebule ya Milimani ungeweza kuingiza ndani yake ile nyumba yote ya landhi, na bado ukabaki na mahali pa kufugia kuku. Mzungu aliondoka na kila kitu chake. Siku waliyohamia, makochi yao mawili yaliwekwa katikati ya sakafu ile ya mbao, na Nicodemus akasimama mlangoni akiyatazama. Mtu angedhani yamekuja kuomba kazi.

"Hapana," alisema. "Hapa patatucheka."

Ndipo akaanza safari za soko la Kibuye kwa Amolo, fundi aliyesifika kwa mbao za mvule kutoka Uganda na kwa mkono wa kuchonga ambao hata Wahindi wa mjini walikuwa wakiuazima. Kwanza Nicodemus alitaka meza ya fomika. Baadaye akaambiwa fomika ni ya hoteli. Alitaka kitambaa chekundu, kisha kijani, kisha akarudi kwenye chekundu. Alitaka meza ndogo tatu zinazoingiana, moja ndani ya nyingine, kwa sababu aliziona kwa Mzungu siku ya kuagana. Alitaka stuli za kuwekea chai mbele ya kila mgeni, zenye maua yaliyochongwa ukingoni. Alitaka kabati la vyombo lenye vioo, ingawa vyombo vyenyewe vilikuwa vikombe vya bati na sahani za harusi zilizokwisha kumeguka.

Agneta alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kiti cha mama yake.

Nasipwondi, mama yake, aliishi kwao upande wa Kimilili, na mtoto wa jicho alikuwa amemla jicho moja na sasa alikuwa akilila la pili. Katika hospitali ya Kisumu kulikuwa na daktari wa kuuondoa ugonjwa huo. Agneta alikuwa amembembeleza mama yake aje, amembembeleza mpaka maneno yakamwishia. Mama hakuja. Wabukusu wa rika lake hawafanyi mzaha na ukwe. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawali wakaonana. Na kiti alichokalia mkwe, mama mkwe hakikalii. Nasipwondi alikuwa mtu wa kanisa, wa kusali hadi watoto wasinzie, na mchungaji alikuwa amekwisha kumwambia kwamba Mungu hana shida na viti. Alimjibu kuwa Mungu hakuzaa binti. Kule landhi angekaa wapi, na mkwe yuko hapo ukimnyooshea mkono unamgusa?

Lakini habari za nyumba kubwa zilipofika Kimilili, ujumbe ulirudi kupitia kwa binamu aliyekuja kuuza vitunguu. Mama alisema atakuja. Alisema nyumba ikiwa na milango miwili, na kukiwa na kiti ambacho mkwe wake hajakikalia hata siku moja, atakuja.

Kwa hiyo Agneta, ambaye kwa simba na mbuzi alisema ndiyo tu, kwa kiti hiki aliongea mpaka Amolo akamtazama upya. Kiwe cha chini, miguu ya mtu mfupi ifike sakafuni. Mikono yake iwe mipana, ashike vizuri anapoinuka. Kisipakwe vanishi inayonuka, maana humuumiza kichwa. Na ubavuni kiwe na meza yake ndogo, fupi, yenye ukingo ulioinuka pande zote, ili mtu asiyeona akiweka kikombe kisiteleze.

"Meza ya ukingo kama sinia?" Amolo aliuliza.

"Kama sinia."

"Haitafanana na zile zingine, Mama."

"Isifanane."

Njiani kurudi nyumbani Nicodemus aliweka mkono kifuani. "Hicho sikikalii," alisema. "Mbele ya Mungu. Nitakipita mbali."

Samani zilifika Ijumaa mchana kwa mikokoteni, mama akiwa anatarajiwa kesho yake. Agneta alikuwa ametoka shule mapema. Wasukumaji waliziingiza moja moja, wakihema, na sebule ile iliyokuwa ikiwacheka ikaanza kunyamaza. Ni kweli zilikuwa nzuri. Miguu ya mbuzi ilisimama kwa adabu juu ya mbao za sakafu, maua ya stuli yakashika mwanga wa dirishani, na zile meza tatu zikaingiana bila kukwaruzana. Agneta alijikuta akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu alipoamka. Mwisho wakaingiza kile kiti cha chini. Amolo mwenyewe ndiye aliyekibeba.

"Mama, hii ndio Bwana alipenda kushinda zote," alisema akikiweka karibu na dirisha.

"Alikipenda vipi?"

"Si kila jioni akitoka gatini anapitia kwangu? Anasema anakuja kuangalia kazi. Kazi gani! Anavua viatu, anakaa hapa, analala. Mimi napiga randa, yeye hata hasikii. Siku ingine mpaka nafunga duka ndio namwamsha." Amolo alicheka kwa upendo kabisa, akakipigapiga kiti mgongoni. "Zile zingine ni kubwa, zina heshima. Lakini hii ndio iko na usingizi."

Agneta aliwashukuru, akawapa wote chai, akawasindikiza mpaka kwenye lango. Aliporudi alikaa kwenye ngazi ya barazani, si kwenye kiti chochote, akahisi hasira ikimpanda na ikashindwa kufika juu. Hata hasira inahitaji nguvu. Alikuwa amelisha watoto, amesahihisha madaftari, amechagua miguu ya wanyama, amebembeleza mama upande huu na mume upande ule, na kitu kimoja alichokiomba kwa ajili yake mwenyewe kilikuwa kimekwisha kulaliwa.

Nicodemus alirudi jua likielekea kuzama ziwani. Aliingia sebuleni akapiga mluzi wa furaha, akaenda akigusa kila kitu. Agneta alimngoja amalize.

"Ulikikalia, Baba Wepukhulu."

Hakuuliza kipi. Mkono wake ulibaki juu ya kabati.

"Kilikuwa bado hakijaingia nyumbani," alisema. "Kiti kikiwa kwa fundi bado ni mbao."

"Ulilala juu yake."

"Nilikaa kidogo tu."

"Fundi alikuwa anakuamsha ili afunge duka!"

Nicodemus alijikuna shingo. Mtu aliyekuwa akiamrisha makuli na makarani siku nzima alionekana sasa kama amekamatwa na sukari mdomoni. "Sasa tufanye nini? Kesho ndiyo kesho. Tunyamaze tu. Hatajua. Na macho yenyewe yale..."

"Malizia," Agneta alisema.

Nicodemus alitoka kupitia mlango wa nyuma, na usiku huo walilala kila mtu na ukuta wake.

Basi la kutoka Kitale lilimleta Nasipwondi Jumamosi, mchana. Agneta alimpokea stendi, akamshika mkono mpaka Milimani, polepole, mama akiuliza jina la kila harufu. Watoto walikuwa wamepelekwa Migosi kwa shangazi yao ili nyumba itulie. Nicodemus alikuwa ameahidi kuondoka kabla hawajafika na kukaa nyuma ya nyumba na sahani yake ya chakula, akitumia ule mlango wa pili.

Mama aliingia sebuleni akasimama. Kisha akafanya alivyofanya siku zote tangu macho yaanze kumtupa: akanyoosha mikono. Alipapasa makochi, akapapasa miguu, akaguna alipofika kwenye kwato. "Wamewachongea mbuzi?" aliuliza, na Agneta akajibu ndiyo, mbuzi. Alizigusa stuli, akafuata maua kwa kidole. Alifika dirishani, akakuta kile kiti, akakuta mikono yake mipana, akakuta ile meza ndogo na ukingo wake. Alizungusha kidole kwenye ukingo ule, akarudia tena.

"Hiki ni changu," alisema, akimwita binti yake kwa jina lake la utotoni. "Nakhungu, hiki umekitengeneza kwa ajili yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Hajakikalia?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ulikuwa mfupi, mwepesi, na ungemfanya kila mtu apumzike: mama angekaa, kesho kutwa wangekwenda hospitali, mume angesamehewa bila kuomba. Agneta alikuwa amesema uongo wa namna hiyo maisha yake yote ya ndoa, wa kupatanisha, wa kufunika sufuria isifurike. Alifungua mdomo autoe. Akaona hawezi. Si kwamba alikuwa amepata ujasiri. Alikuwa amechoka tu kubeba na huu.

"Amekikalia, Mama. Alikilalia kabisa, kule kwa fundi. Kila jioni."

Mama aliondoa mkono wake kitini. Alisimama vile akielekeza uso dirishani, ambako sasa aliona mwanga tu.

"Basi niandalie mkeka," alisema. "Asubuhi utanirudisha stendi."

Agneta aliutandika mkeka katikati ya samani zile zote, mama akakaa, akanyoosha miguu. Agneta alitaka kusema habari za daktari, kwamba amekwisha kuongea naye, kwamba jicho lile halingojei. Badala yake akajikuta naye amekaa chini, mgongo wake umeegemea kochi jipya, na machozi yanashuka bila kelele. Aliyaacha. Mama alisikia pumzi yake ikibadilika, akamtafuta goti.

"Unalilia kiti?"

"Nalia kwa kuchoka, Mama. Wewe unataka hivi, yeye anataka vile, mimi niko katikati kama daraja. Hata daraja hufanyiwa ukarabati. Kama unarudi, rudi. Sitakubembeleza tena. Lakini ukipofuka, usiseme ni heshima. Sema tu ulikataa kuja kwangu."

Hakuwahi kuzungumza na mama yake namna hiyo. Alingoja akemewe. Mama alimsugua goti kwa kidole gumba.

"Unajua sijawahi kumwona?" Nasipwondi alisema hatimaye. "Huyo mume wako. Siku ya harusi kanisani niliinamisha kichwa, nikaona viatu. Vyeusi. Kimoja kamba ilikuwa imelegea, nikasema moyoni, huyu atamsumbua binti yangu. Miaka yote hii akija nyumbani namsikia anakohoa nje, nami napita mlango wa nyuma. Nilikuwa nikisema iko siku nitamchungulia kidogo, Mungu atanisamehe. Sasa siku imefika na macho yameondoka." Alivuta pumzi. "Ana sura gani?"

Agneta alianza, "Ni mrefu," akakumbuka si mrefu sana. Akasema ana paji kubwa. Akasema ana... Alikuwa anamwona mtu aliyemposa, kijana wa shule ya Maseno mwenye pengo dogo la meno na kicheko cha haraka, na alijua kwamba mtu huyo hayuko tena nyumbani mwake, na kwamba hakuweza kusema ni lini aliondoka.

"Ngoja," alisema. "Ngoja nikamtazame."

Alipita jikoni, akasimama ndani ya mlango wa nyuma. Nicodemus alikuwa amekaa juu ya sanduku la mbao karibu na migomba, shati la kazini bado liko mwilini, ingawa ilikuwa Jumamosi. Sahani ya ugali na samaki ilikuwa mapajani, haijaguswa. Hakujua anatazamwa. Kidevu kilikuwa kimeshuka. Nywele za kando ya masikio zilikuwa zimepata mvi, na chini ya macho ngozi ilikuwa imetengeneza vifuko viwili. Mikono yake, ambayo Agneta alizoea kuiona ikielekeza hiki kiwekwe hapa na kile pale, ilikuwa imelala juu ya magoti viganja juu. Kila siku mtu huyu aliondoka kwenda kukalia nafasi ya Mzungu, katikati ya macho yaliyongoja akosee, na kila siku alirudi nyumbani akipiga mluzi. Kumbe katikati ya huko na huku alikuwa ametafuta mahali pa kulala. Hakupapata nyumbani kwake.

Agneta alirudi sebuleni, akakaa mkekani.

"Ehe?" mama aliuliza.

"Amechoka, Mama."

"Nilikuuliza sura."

"Ndiyo hiyo sura yake."

Nasipwondi alijikokota juu ya mkeka, akajigeuza taratibu, mgongo kwa sebule, uso kwa ukuta, akajifunika kichwa kwa leso yake.

"Mwite aingie," alisema. "Mtu hachokei nje na nyumba anayo. Mimi sioni, naye asinitazame. Na huko stendi tuache kwanza. Jumatatu tutakwenda kwa huyo daktari wako."

Nicodemus hakuamini alipoitwa. Alivua viatu mlangoni, akavishika mkononi, akaingia kwa kunyata. Alimwona mama mkwe wake amegeukia ukuta, akaona makochi yake ya miguu ya mbuzi, stuli zake, kabati lake, vyote vikimngoja, na mkuu wa bohari asijue akae wapi. Alichukua nafasi pale pale kizingitini, sakafuni, akageuka akawapa mgongo. Agneta alibaki katikati yao na birika la chai.

Alimimina vikombe vitatu. Alipeleka kimoja ukutani, kimoja mlangoni. Walikunywa kwa staha, kila mmoja akijizuia kuvuta chai kwa sauti.

"Mshukuru kwa viti," mama aliuambia ukuta. "Mwambie nimevigusa. Ni vizuri."

"Mama anasema viti ni vizuri."

"Mwambie ahsante," Nicodemus alisema kuelekea nje. "Mwambie na kile kingine nitamtengenezea upya. Nitapita mbali kweli kweli."

"Anasema atakutengenezea kingine."

"Nimesikia. Muulize," mama alisita kidogo, "muulize hiyo kazi yake. Inamchosha?"

Nicodemus alikuwa amesikia kila neno, chumba kilikuwa kimya. Lakini alingoja, kama heshima ilivyotaka, swali limpitie mkewe. Agneta aliweka birika chini. Alipotaka kulisema aligundua kwamba swali hilo, tangu wahamie Milimani, hakuwahi kuliuliza.

"Mama anauliza," alisema, "kama kazi inakuchosha."

Mgongo wa Nicodemus ulitulia. Kikombe kilishuka polepole mpaka sakafuni.

"Mwambie," alisema, kisha akaanza tena. "Mwambie mama, sana. Inanichosha sana."

Mama ukutani hakugeuka. Agneta naye hakumfikishia ujumbe. Alikuwa amemgeukia mume wake.